Kibao cha Wadi Kabir

Mwaka wa kwanza kibao changu kilisema mengi:
friji, feni, simu, redio, mashine za kufulia,
pasi, vocha, tunapokea vifurushi vya Wete,
na chini kabisa, kwa rangi iliyobakia: NA KADHALIKA.
Hiyo kadhalika ndiyo iliyonila.

Nilifungua kila kitu, sikukijua hata kimoja.
Mashine ya Bwana Lashko niliirudisha, skrubu tano zikazidi;
nikamwambia kiwandani huwa wanatia za akiba.
Akacheka. Hakurudi.

Na chumbani kadhalika:
televisheni mbili za kupeleka nyumbani,
seti za vikombe, mabegi ya viatu, zulia limekunjwa,
vyote vinangoja kontena, kontena linangoja pesa,
nami nalala ubavu katikati yake
kama kisu alani.

Dadkarim, Mbulushi wa duka la pili, hakuwa mtu mwema.
Alitema tambuu karibu na kiatu changu,
akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota:
"Wewe mikono kumi. Sikio hapana."
Nilinuna wiki nzima.
Wiki ya pili nikamwomba nimshikie tochi.

Miaka miwili ya tochi!
Juu ya mapaa ya Ruwi, Julai,
saruji inaunguza magoti hata ndani ya suruali,
nikajifunza kulehemu shaba mpaka fedha ikimbie kwenye kiungo
kama samli juu ya mkate wa moto.
Ikimbie yenyewe. Ukiisukuma, umeiharibu.
Nikajifunza kupima gesi kwa geji, kisha kwa kiganja:
jasho la bomba husema kilichobaki ndani.
Mvumo wa kompresa nao una herufi zake.
Alifu niliipata upesi,
kwenye be nilikwama muda mrefu.

Ijumaa moja, baada ya sala,
nikapanda ngazi na kitambaa na tina.
Nikafuta simu. Nikafuta redio.
Pasi ilikuwa imeshabanduka wenyewe wakijua haki yao.
Vifurushi vya Wete nilivifuta taratibu, roho inauma,
maana vilikuwa vikiniletea watu wa kusema nao.
Likabaki neno moja: VIYOYOZI.
Kadhalika niliisugua mara tatu;
kivuli chake hadi leo huonekana jua likipiga upande.

Mwezi ule nilikula mkate na chai ya rangi. Nisidanganye.
Televisheni moja ilikwenda kwa mlinzi, ya pili ililipa kodi.
Zulia nikalitandika, nikagundua lina maua.
Vikombe nikabakiza viwili,
cha pili cha mgeni.
Na chumba kilipotulia, nikaanza kusikia
kiyoyozi cha jirani, ghorofa ya chini,
kwamba feni yake inapwaya.

Juzi, Mawaleh, kwa Bi Thuwaiba wa kizazi cha Unguja.
Mafundi watatu wamemwambia kompresa imekufa,
riyali mia na ishirini, tena haraka.
Nikazima. Nikawasha. Nikanyamaza.
Tk, ikasema. Basi.
Nikafungua kontakta: baina ya ncha mbili za shaba
mjusi, mkavu kama dagaa.
Nikamtoa kwa koleo, mashine ikavuta pumzi,
na nyumba nzima, naapa, ikashusha mabega.

"Maashallah," akasema Bi Thuwaiba. "Na friji langu jee?
Linagonga usiku kama lina deni."
Mkono ukaanza kwenda wenyewe kwenye begi.
Ukasimama.

"Friji silijui, Bi. Mwite Dadkarim."

Maisha yangu yote nilikuwa nikilimeza neno hilo,
silijui,
kama mfupa wa samaki mbele ya wageni.
Siku ile lilitoka laini, na ulimi haukuuma.

Nikateremka na begi langu: bisibisi mbili, geji, koleo, tochi.
Nilipofika chumbani ndipo nikaona
nimemtia mjusi mfukoni, ndani ya risiti.
Sijui kwa nini.
Nimemweka dirishani, karibu na vikombe.